Mjadala: Mtu wa Kigoma aimbe wimbo wa taifa mara ngapi ndipo aaminike?

MLETA MADA (Kasulu)

Wakuu, heshima kwenu. Juzi nilipanda basi kwenda Tabora. Kwenye kizuizi kimoja akaingia afisa, akapita kiti kwa kiti. Kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa na dumu la mawese na migebuka iliyofungwa kwenye gazeti. Kaulizwa kwao wapi, kajibu Buhigwe. Lafudhi ikamponza. Akashushwa, akaambiwa aimbe wimbo wa taifa. Akauimba kando ya lami, mikono imenyooka kama mtoto mstarini. Halafu akatakiwa kutaja jina la bibi mzaa mama na kijiji alikozikwa. Jamaa wa Dar aliyekaa jirani yake hakuulizwa hata jina.

Sikatai, mpaka ni mpaka, na Kiha na Kirundi mtu husikilizana bila mkalimani. Ila wimbo unakaririka. Mgeni ataujua kwa siku moja. Babu yangu alikata mkonge Tanga enzi za manamba, akafa hajui ubeti wa pili. Alichotuachia ni kadi ya TANU kwenye kopo la maziwa, panya wamekula kona. Nilipofuatilia kitambulisho niliibeba, nikaambiwa hicho si kielelezo. Sisi si Warundi jamani! Swali langu: watu wa mpakani tuendelee kuhojiwa kuliko wengine, halafu Desemba 9 tuambiwe tuipeperushe bendera kwa fahari?

MCHANGIAJI (Kibondo)

Mkuu, pole, lakini umesimulia upande mmoja. Mimi nimekulia Kibondo. Kuna miaka mabasi yalikuwa hayaondoki mpaka yakusanyike yapate askari wa kuyasindikiza, maana porini kulikuwa na watu wenye bunduki. Mama yangu alikuwa akisafiri na pesa kaishonea kwenye pindo la kitenge. Leo mnapita mnachat, mnadhani usalama umedondoka kutoka mbinguni. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka, watu walivuka kwa maelfu, wengine wakapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nduta, wengine ya Nyarugusu. Serikali ifumbe macho? Ukikaa karibu na mto utalowa, ndugu yangu. Mimi nikiulizwa najibu, naendelea na safari.

MCHANGIAJI (Mwanga, Kigoma mjini)

Unajibu kwa kuwa hujawahi kuachwa na basi.

MCHANGIAJI (mwalimu mstaafu, Tabora)

Wanangu, hili swali la nani ni wa hapa lilishatua mjini kwetu zamani. Januari 1958 TANU ilikutana hapa Tabora kuamua kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliona ni matusi. Nyerere akawashawishi waingie, ndiyo maana tunauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake cha ANC, kilichodai Afrika ya Waafrika. TANU ikaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu, ikashinda. Kisha Oktoba 1961, uhuru ukibisha hodi, wabunge kadhaa wakataka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere akagoma, akasema muswada wake wa uraia usiojali rangi ukikataliwa serikali yake inajiuzulu.

Nayasema haya (mwalimu hastaafu, mnivumilie) kwa sababu taifa hili halikujengwa kwa damu ya bibi mzaa mama. Muhindi wa Barabara ya Shule hatakiwi kuimba. Anatakiwa kuimba Mha, ambaye sura yake inafanana na ya jirani wa ng'ambo.

MCHANGIAJI (Ujiji)

Shikamoo mwalimu. Huku Ujiji ukianza kuchambua nani katoka wapi utakesha. Wamanyema babu zao walitoka Kongo, na ndio wenye mji. Mlango huu Mbembe, ule Mgoma, wa tatu ana babu Mwarabu, na wote wanapigia kelele Taifa Stars pale kijiweni. Ila tusidanganyane kuwa tunapendana tu: siku ya kugawana kiwanja cha marehemu, Umanyema unarudi haraka sana.

MCHANGIAJI (Ulyankulu)

Nimesoma kimya tangu juu. Mleta mada, umenigusa pabaya na hujui. Umeandika "sisi si Warundi jamani" kama mtu anayekana wizi.

Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972. Mimi nimezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, nimesoma Ulyankulu, kila msimu nasimamia bani la kukaushia tumbaku usiku moto usizime. Wakati watu wa makazi yetu na yale ya Katumba na Mishamo walipopewa nafasi ya kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia, wengi tuliomba uraia. Ulitangazwa 2010, lakini vyeti vikachelewa kwa kuwa tulitakiwa kwanza tuhame, tutawanywe mikoani. Miaka minne hupandi mti wa kudumu, hujengi tofali la kuchoma, hujui unahama lini. Vyeti vikatoka Oktoba 2014, sisi zaidi ya 162,000, na tukabaki tulipo.

Cheti changu cha tajnisi, yaani cha uraia wa kuomba, nimekifunga kwenye nailoni mbili. Mimi ni Mtanzania na asili yangu ni Burundi, yote mawili. Wewe unaomba usisumbuliwe kwa kuwa umefananishwa na mimi. Kwa hiyo mimi nisumbuliwe ni sawa?

MCHANGIAJI (Kibondo)

Hapo mleta mada jibu mwenyewe.

MLETA MADA

Ndugu wa Ulyankulu, nimesoma mara tatu. Sina pa kujitetea. Kwetu "Mrundi" tumelelewa nalo kama neno la kumshusha mtu, tunalitumia hata shambani mtu akilima vibaya. Hilo nimelikosea.

Bado na wewe wa Kibondo hujanijibu. Kukagua wakague, mimi sikatai. Waombe karatasi kwa kila aliyemo ndani ya basi, wa Buhigwe na wa Dar, na asiye na karatasi aulizwe mwenyekiti wa kitongoji chake kwa simu. Lafudhi na wimbo waviache.

Kuna aliyenifuata pembeni akauliza kijana aliishia wapi. Alirudi garini baada ya kama dakika arobaini, konda anagomba tumechelewa. Dumu lilikuwa limeanguka, mawese yanatambaa chini ya viti. Hakuna aliyempa pole. Mimi nilinyanyua miguu yasinifikie viatu.