Nyumba ya mawe Lamu tunaigeuza mkahawa, ukuta unamwaga chumvi na vyumba ni vyembamba, tufanyeje?

BintiLangoni

Assalaam aleikum jamani, naomba mnisaidie nyinyi mnaojua majumba ya mawe manake nshachanganyikiwa. Mimi na kakangu tumekodi chini ya nyumba ya zamani hapa Lamu, iko ndani kidogo ukitoka Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, twataka kufungua mkahawa. Si wa watalii peke yao, nataka mahali mwanamke wa hapa aweza kuja na watoto wake akakaa akanywa kahawa na mahamri au kaimati bila kuona haya, kwa sababu baraza zote za nje zimekaliwa na wanaume na sisi tukitoka sokoni hatuna pa kuweka kikapu chini.

Nyumba yenyewe ni ile ya kawaida, daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (ukumbi wa kuingilia), halafu kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kama mita 4 kwa 5, halafu msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi mbili zinazofuatana, wa pili umeinuka kidogo, halafu ndani, chumba cha nyuma. Misana ina upana wa mita 2 na nusu hivi na urefu wa mita 8, ni mirefu kama mtumbwi. Binamu yangu asema tuvunje ukuta wa kati ya misana miwili tupate ukumbi mmoja mpana. Pili, kuta za chini zilipigwa plasta ya simiti na rangi ya mafuta kabla hatujaingia, saa hii inavimba, unga mweupe unatoka na vipande vinaanguka, kila asubuhi nafagia. Fundi mmoja kaja akasema tubandike taili mpaka kifuani, ikishafunikwa imekwisha. Tatu ni taa, zilizopo ni zile tyubu nyeupe, mtu akikaa pale afanana na mgonjwa. Pesa si nyingi, twataka kufungua kabla ya Maulidi. Nianzie wapi?

Fundi wa Chokaa

Waaleikum salaam dadangu. Kwanza huyo binamu mwambie aweke nyundo chini, leo hii, kabla sijasema jambo jengine.

Misana ni myembamba kwa sababu ya boriti. Boriti ni mti wa mkoko na mkoko haukupi urefu wa kubeba uzito zaidi ya mita 2 na nusu, labda karibu 3, ndio wazee wakajenga vyumba vya upana huo. Huo ukuta wa kati ndio umeshika vichwa vya boriti za pande zote mbili, na juu ya boriti kuna mawe ya matumbawe na chokaa iliyoshindiliwa, na juu ya hapo kuna watu wanaishi. Ukiuvunja dari yashuka. Hata kutoboa dirisha usitoboe bila mtu wa kukuangalia. Na mji wa kale uko chini ya sheria ya turathi, tangu 2001 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa hivyo kabla ya kugusa ukuta pitia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho na ile ya kaunti. Wakija wakaangalia nyumba nawe uwasikilize, wengi wao wajua kazi hii.

Sasa chumvi. Jiwe la matumbawe limetoka baharini na ni kama sponji, lanyonya maji ya ardhini yakapanda nalo. Zamani ukuta ulipakwa chokaa, chokaa yapitisha hewa, maji yakipanda yatoka nje kidogo kidogo yakakauka hata hujui kama yalikuwepo. Simiti yaziba. Maji yakikosa pa kutokea yapanda juu zaidi kutafuta mlango, chumvi yabaki nyuma ya plasta, ikikauka yawa vipande kama vya sukari na yasukuma, ndio huo uvimbe. Ukibandika taili umeziba mara ya pili, maji yatapanda juu ya taili mpaka kichwani pako na siku moja taili zenyewe zitakuja chini na jiwe zimelishika.

Dawa ni kubandua simiti yote taratibu kwa patasi mpaka uone jiwe, usitumie mashine. Chumvi ipanguse kwa brashi KAVU. Watu wengi wachukua maji wakaosha, maji yaiyeyusha chumvi yairudisha ndani, kazi bure. Halafu uache ukuta ukauke, na hapa ndipo sitakudanganya, ni miezi, Kaskazi yasaidia sana kwa sababu upepo wake ni mkavu. Kisha chokaa iliyolowekwa shimoni wiki kadhaa, fungu 1 kwa mafungu 3 ya mchanga msafi, usichukue wa ufuoni manake wajirudishia chumvi kwa mkono wako. Paka nyembamba, kama sentimita moja moja, na kila tabaka ulirushie maji siku kadhaa lisikauke haraka likapasuka. Mwisho waosha kwa chokaa nyepesi. Rangi ya mafuta usiikaribishe tena nyumba hiyo.

Nijibu swali moja: chini sakafu ni ya nini?

MchoraVyumba_Malindi

Dada mimi nafanya kazi ya kupanga mikahawa na maduka huku Malindi, naunga mkono fundi kwa yote. Nataka nikuongezee upande wa mpangilio manake upana wa mita 2 na nusu sio tatizo, ni zawadi, wewe hujapiga hesabu tu.

Chukua msana mmoja. Upande mmoja mzima weka baraza ya mbao iendayo na ukuta, kina sentimita 50, urefu wa kukalia 45. Meza upana 60, urefu 75. Upande wa pili kiti kidogo kisicho na mikono, sentimita 45 mtu akishakaa. Hapo umetumia mita moja na nusu na kitu, umebakiwa na kama sentimita 95 za njia, mwenye sinia apita bila kumgusa mtu begani. Kwa urefu wa mita 8 wapata meza 6 nzuri, watu 4 kwa meza ukiwabana kidogo, na ukiwa na misana miwili hesabu yenyewe. Ukumbi mpana ungekupa nini zaidi? Kelele tu. Niliwahi kupanga mahali karibu na ufuo hapa Malindi, ukumbi mmoja mkubwa, kuta laini, vioo, taili chini, siku ya kufungua watu hawakuskizana mezani na tukarudi na mikeka na mito na mapazia kurekebisha kitu ambacho chumba chembamba hakina. Na zidaka zako za ndani, vile vishubaka vya ukutani, hizo zavunja sauti pia, si pambo tu.

Baraza iache nafasi ya vidole vitatu na ukuta isigusane nao, ukuta upumue nyuma yake. Mbao, usijenge ya simiti.

Kaunta usiiweke msana. Iweke ukingoni mwa kiwanda chini ya kipaa kidogo, urefu sentimita 90, hapo mvuke wa kahawa na moshi wa kaimati wapanda juu mbinguni badala ya kuingia kwenye nguo za watu. Kiwanda ndio feni ya nyumba, hewa ya moto yatoka hapo na yavuta ya baridi kutoka daka, usikiezeke chote. Najua utaogopa mvua, weka kitambaa cha tanga cha kuvuta na kukunja.

Taa: ukienda dukani soma boksi, tafuta kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700, hiyo ni ya njano kama balbu za zamani. Hizo zako huenda ni 6500, ni za hospitali na karakana. Hizo mpya zifiche ndani ya zidaka zikiangalia ukuta wa chokaa, mwanga urudi umelainika, mgeni asione balbu yenyewe. Waya usichimbie ukutani, pitisha kwenye bomba juu kando ya boriti, likiharibika walifikia na ukuta haujajeruhiwa.

Kitu kimoja watu wasahau, misana yenu yapanda kwa kidato kila mmoja. Mzee wa magongo au mwenye kiti cha magurudumu hatafika ndani. Tengeneza ubao wa kuweka na kuondoa, kwa kidato cha sentimita 15 ubao uwe na mita 1 na sentimita 80, mfupi zaidi ya hapo ni mkali. Na meza ya kwanza ya msana wa tini iwe yao, isiwe na kiti upande mmoja.

MamaShela

Mwanangu nimefurahi sana na niya yako, Mungu akujaalie. Mimi sijui kelvini lakini nimezaliwa kwenye nyumba kama hiyo. Tekani imepinda kwa sababu, mpita njia akichungulia mlangoni aone ukuta, asione watu wa ndani. Wenye maduka siku hizi wanyoosha hapo wakaweka kioo ili mteja aone bidhaa. Wewe usinyooshe. Hicho kipindo ndicho kitakachomfanya mwanamke avue buibui lake kichwani akala na watoto wake kwa raha. Wanaume wape daka na kiwanda, familia wape msana wa yuu na ndani, wala hutahitaji kuandika kibao, nyumba yenyewe yapanga watu.

Na ile baraza ya daka usiweke meza za biashara. Iache wazee wakae na punda wapite. Mtaa utakupenda kwa hilo. Zidaka pia usizijaze vitu vyote, chagua chache weka sahani na buli la zamani, nyengine ziache tupu zipumzishe macho.

BintiLangoni

Jamani nimesoma hapa nimetoka machozi, ahsanteni. Binamu nimemsomea yote kanyamaza.

Fundi, chini kulikuwa na sakafu ya chokaa lakini waliokuwepo mbele yetu walimwaga zege wakaweka taili nyumba nzima, jirani asema ni miaka miwili. Kwani yahusu? Na jengine, afisa wa afya ataka jikoni ukuta uwe wa kuoshwa, sasa bila taili nitapasishwa vipi?

Fundi wa Chokaa

Yahusu sana, nilihofia hilo hilo. Maji yaliyokuwa yakitoka polepole kwenye sakafu nzima sasa yamezibwa, yakimbilia pembeni na pembeni ni ukuta. Ndio maana chumvi imeanza na taili. Kama mwenye nyumba hakubali kungoa zote, omba ruhusa ukate ukanda wa sentimita 30 hivi kuzunguka kuta, toa zege, jaza kokoto safi, juu yake ufunike kwa mbao zenye nafasi. Si dawa kamili lakini ukuta utapata pua. Angalia pia bomba la choo na maji ya mvua yashukayo kutoka juu yaangukia wapi, kama yaangukia kando ya msingi hizo kazi zote zapotea.

Jikoni usibandike kitu ukutani. Simamisha vipande vya mbao kwanza, juu yake weka bati lisiloshika kutu, nyuma pawe na nafasi ya sentimita 3 na chini na juu pawe wazi hewa ipande. Afisa ataona pa kuoshwa, ukuta utapumua nyuma. Muite kabla hujafunga umuelezee, usingoje aje na karatasi.

Na kuhusu Maulidi, usiharakishe kupaka chokaa juu ya ukuta wenye maji. Fungua kiwanda na msana wa yuu kama kuta zake ni kavu, msana wa tini uufungie pazia ukauke.

BintiLangoni

Msana wa yuu ni mkavu, nimeshika ukuta sasa hivi kwa mkono na ile plasta ni ya zamani, haikuguswa. Basi twaanzia huko. Kesho naenda kwa mwenye nyumba kuhusu taili, na fundi nakutumia ujumbe uje uone bomba la choo, manake ukuta ulio na chumvi nyingi ndio huo wa upande wa choo.

Fundi wa Chokaa

Nitakuja baada ya sala ya asri. Usibandue kitu kabla sijafika.