Mrejesho: ile mikoko ya Kunduchi yenye unga mweupe kwenye majani

Habari wakuu, mnakumbuka niliuliza kama miti ya pale Kunduchi inaumwa maana majani yana vichenga vyeupe kama imemwagiwa chumvi ya mezani, basi aliyejibu kwamba huo mti ni mchu (aina mojawapo ya mikoko) na ile ni chumvi kweli alikuwa sahihi kabisa. Nilienda maji yamekupwa nikalamba jani (msicheke), chumvi tupu! Mchu unafyonza maji ya bahari halafu ile chumvi inayozidi unaitoa kupitia vitundu vidogo vya kwenye majani, jua likipiga maji yanakauka zinabaki punje. Nikahamia kwa mkoko ule wenye mizizi inayoning'inia hewani, jani lake safi tu, kumbe wenyewe chumvi nyingi unaichuja huko huko kwenye mizizi haipandi juu. Mimi huu ndo nimeuona mjanja zaidi.

Na vile vijiti vilivyojichomeka kwenye tope kuzunguka mchu ni mizizi yake ya kupumulia, tope halina hewa, kwa hiyo jamani wanaovikanyaga na kuvikata kupitisha boti wanauziba mti pua.

Kuhusu mbegu nako nimejionea, za mkoko zinaota zikiwa bado juu ya mti, zinarefuka ndo zinadondoka.

Swali jipya sasa, yale majani marefu yanayotupwa na maji Coco Beach, jamaa kaniambia sio mwani na eti yanatoa maua huko huko chini ya maji. Aliyewahi kuyaona hayo maua aje.