UZI: Eti "soko limejaa, mdororo uko wapi?" Huyu mtu anatuona mabwege!

Gunia_Kisumu
Wadau, mmemsikia huyu mkubwa wa serikali? Bila shaka mmemsikia, hata samaki wa Dunga wamemsikia. Leo redioni, saa moja na nusu asubuhi, watu hawajanywa hata chai. Anaulizwa serikali itafanya nini hali ikizidi kuwa ngumu, naye anajibu: "Nimepita Kibuye, soko limejaa, mdororo uko wapi?" Halafu anacheka. Kicheko kirefu kuliko barabara ya Busia!

Soko limejaa kwa sababu aliyekuwa akinunua gunia la mahindi sasa ananunua gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, na wa gorogoro ananunua nusu. Wa lita ya mafuta anapimiwa ya shilingi 20, na kesho lazima arudi. Mtu mmoja anaonekana sokoni mara sita kwa wiki badala ya mara moja. Huo ndio umati uliomfurahisha! Ukitaka kujua afya ya soko usihesabu vichwa, hesabu siku ambazo gunia linakaa kabla ya kuisha.

Gunia la kilo 90 ni gorogoro 45. Tuseme faida ni shilingi 10 kwa kila moja, hiyo ni 450. Tuseme ushuru wa kaunti ni 50 kwa siku. Gunia likiisha kwa siku mbili, ushuru umekula 100. Likikaa siku sita, umekula 300, na hapo wa mkokoteni hajalipwa, mlinzi wa usiku hajalipwa, na dumuzi wameshatoboa mahindi ya chini. Mama anaanza kula mtaji bila kujua. Na soko limejaa! Limejaa, anasema, na anacheka!

Serikali ilipe wakandarasi na wote walioiuzia bidhaa. Mkandarasi akilipwa, duka la saruji linalipwa, fundi anaitwa kazini, na mama wa kibanda anafuta majina kwenye daftari la madeni. Pesa hizo hazihitaji mpango mpya wala kamati. Lakini yeye anahesabu vichwa. Na akacheka!

Section58
Mara mbili. Baada ya tangazo la sabuni alicheka tena.

Mchumi_Milimani
Kwa kitabu hajakosea. Mdororo ni pato la taifa kushuka robo mbili mfululizo, na takwimu za KNBS, shirika la takwimu la taifa, zinaonyesha uchumi ulikua kwa asilimia 4.7 mwaka 2024. Mwaka ulioshuka ni 2020, kwa asilimia 0.3. Unacholilia wewe ni ukuaji usiofika mfukoni. Tumia neno lake kabla ya kupiga nduru.

Gunia_Kisumu
Neno lako lisonge ugali basi, tuone kama litashika mwiko! Yeye hakutaja robo wala pato. Alisema soko limejaa.

Boda_Kakamega
Dawa inajulikana. Aprili 2020 VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Warudie hiyo, unga ushuke.

Mama_Daftari
Ndugu yangu, unga wa mahindi hautozwi VAT. Punguza VAT utakavyo, bei ya pakiti haitaguswa moja kwa moja. Anza na ya mafuta: Julai 2023 ilipanda kutoka 8 hadi 16, na kila gunia linalotoka Kitale linapanda lori linalokunywa dizeli hiyo. Na wewe wa boda unaijua pampu kuliko sisi sote.

Boda_Kakamega
Sawa mama. Ya mafuta basi. Lakini abiria wa Lurambi wanataka nauli ya 2019, hilo nalo liangaliwe!

Section58
Riba je? Benki Kuu ilianza kushusha riba yake kutoka asilimia 13 Agosti 2024. Mwenye kibanda hakopi benki, anakopa kwa simu au kwa chama. Kwake hakuna kilichoshuka.

Tilapia_Busia
Msidanganyike na pesa za kufufua uchumi pia. Mwaka 2009 zilitengwa bilioni 22, na ndani yake kukawa na vidimbwi vya samaki 200 kwa kila eneobunge, maeneobunge 140. Kidimbwi cha mita mraba 300, vifaranga 1,000. Kuchimba ni rahisi. Chakula je? Tilapia asiyelishwa vizuri anadumaa, halafu wanazaana mpaka kidimbwi kinajaa samaki wa ukubwa wa kidole, hawauziki. Ruzuku ikiisha, mwenye shamba anaacha, kidimbwi kinakuwa cha vyura. Pesa ya dharura itolewe pamoja na ya kuendeshea, ama isitolewe kabisa!

Nduru_Njoro
Aliyefungua uzi, hesabu yako ni bure. Gorogoro 45 za wapi? Huko kwenu mikebe imegongwa nyundo kitakoni, gunia linatoa 50. Hizo tano ndizo faida yenu, acheni kumsingizia huyo wa redioni!

Gunia_Kisumu
Kisumu? Mikebe ya Nakuru ndiyo imebonyezwa mpaka inafanana na sahani! 50 ni kilo 1.8 kwa mkebe, na anayeuza hivyo ni mwizi popote alipo.

Mama_Daftari
Wa Nakuru au wa Kisumu, wote wanabonyeza. Kabla ya kupimiwa, geuza mkebe upitishe kidole kitakoni. Kikizama, kataa.

Nduru_Njoro
Na wakikupa mzima, mwambie autikise kabla ya kuweka kilele. Asipotikisa, mahindi yamekaa na hewa katikati.

Section58
Wengine wanaweka kigunzi ndani, hata kidole hakisaidii. Mimina kwanza mkebe wenyewe.

Boda_Kakamega
Kigunzi! Na wa viazi je, wale wa ndoo zilizokatwa mdomo?

Nduru_Njoro
Za Molo? Fungua uzi wake, huo hautaisha leo.