Fundi nimempa apige pindo tu, kanirudishia picha nyingine kabisa!

Wakuu, habari za jioni. Naandika hii nikiwa na wembe mkononi na kazi yangu mapajani, nafumua, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Nianze na kazi yenyewe, maana najua kuna watakaosema "si kitambaa tu hicho". Ni kwilti ndogo ya kutundika ukutani, yaani picha ya vipande vya vitambaa vilivyoshonwa badala ya kupakwa rangi. Juu vipande, katikati blanketi jepesi la mtumba nililolitoa soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza (pamba ya kuwekea katikati nimeizungukia mji mzima sikuipata), nyuma bitana. Upana sentimita 63, kimo 48. Vipimo hivyo sikuviokota barabarani. Ndivyo vipimo vya mchoro wa Claude Monet uitwao "Impression, soleil levant", wa mwaka 1872, bandari ya Le Havre kule Ufaransa. Ukungu, mitumbwi miwili mitatu imekolea weusi, milingoti kwa nyuma, halafu kijua cha chungwa kimeburuza mwanga wake juu ya maji. Siku ya kwanza kuuona kwenye simu nilidhani mtu kachora ghuba yetu. Tofauti ni kwamba jua la Monet linachomoza, letu linazama, upande ule wa Kamanga, na kiangazi vumbi na moshi vikizidi unaweza kulitazama bila kufumba jicho.

Miezi minne nashona usiku nikishafunga kibanda cha uwakala. Miezi minne!

Sasa jua. Hapo ndipo nilipopoteza wiki mbili. Ukitaka jua lile liwake, usitafute kitambaa kinachong'aa. Monet alipaka chungwa lenye mwanga karibu sawa na kijivu cha anga inayolizunguka. Igeuzeni picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu zenu, mtaona jua linakaribia kupotea. Rangi mbali, mwanga uleule, ndiyo maana ukilitazama ni kama linatetemeka. Basi nikawa naenda Makoroboi na kipande changu cha kijivu, naweka kitenge juu yake, napiga picha isiyo na rangi, nakagua. Muuzaji mmoja akaanza kuniita "mkaguzi". Kitenge cha kumi na moja ndicho kilichokubali, chungwa lililochujuka kidogo, nikakata duara la kizibo cha soda. Kingo nikaziacha na nyuzi zake zimechomoza makusudi, kwa sababu ukungu hauna pindo.

Ukungu wenyewe nimetumia neti ya shela, tabaka mbili, mahali pengine tatu. Neti ile ni plastiki, najua, nilikata uzi nikauchoma kwa kiberiti. Pamba ukiichoma inaacha jivu na harufu ya karatasi, hii ilijikunja ikawa kishanga kigumu. Ndiyo maana kwenye karatasi niliyompa fundi niliandika kwa herufi kubwa: USIPIGE PASI JUU. USIPIGE OVALOKI. USIKATE. PINDO TU. (Ovaloki ni ule mshono wa mashine wa kufunga kingo zisitoke nyuzi.)

Na pembeni chini kushoto, pale ambapo Monet ametia sahihi yake, mimi niliweka neno moja nililolikata kwenye khanga kuukuu ya bibi yangu: SUBIRA. Ndiyo ilikuwa sahihi yangu.

Fundi mwenyewe simtaji na sisemi yuko mtaa gani. Nilimpelekea kwa sababu cherehani yangu ya mkono inakwama kwenye tabaka tatu, sindano imevunjika mara mbili. Tukapatana elfu kumi na tano, nikatoa elfu kumi ya kuanzia, akasema Alhamisi. Alhamisi umeme hakuna. Jumamosi kuna msiba. Jumatatu "imebaki vifungo tu dada'angu". VIFUNGO? Kwenye picha ya ukutani? Hapo moyo ulishapiga kengele, nikajipa matumaini kwamba kanichanganya na mteja mwingine.

Jana nimekwenda. Kaitoa kwenye mfuko, kaikung'uta kama shuka, anatabasamu.

Kapiga ovaloki kuzunguka kote. Ili ovaloki ikae sawa, kanyoosha kingo kwa mkasi, sentimita karibu nne zimekwenda chini na kushoto. SUBIRA imekwenda nazo. Mitumbwi yote kaizungushia zigizaga nene ya uzi mweusi, imekaa kama viraka vya suruali ya shule. Neti kaipiga pasi ya moto wa pamba, katikati ya anga kuna tundu la kuingia ngumi, kingo zake zimesinyaa kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Na jua, wakuu, jua langu la kitenge cha kumi na moja, juu yake kashonea duara la satini ya njano. Linang'aa. Kiini cha yai la kukaanga kimeelea juu ya Ziwa Victoria.

Namuuliza, "Kaka, karatasi yangu uliisoma?"

"Niliisoma dada, ila kazi ulikuwa hujaimaliza. Nyuzi zinaning'inia, ningekuachia hivyo watu wangesema fundi gani huyu. Na lile jua lilikuwa limefifia, nimekuwekea zuri, hilo wala sikuchaji."

Kisha kaniambia jumla sasa ni elfu ishirini na tano. Ovaloki na zigizaga ni nyongeza.

Kilichonimaliza zaidi ni akina mama wawili waliokaa kwenye benchi wakisubiri nguo zao. Mmoja kaishika, kaigeuzageuza, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona imependeza hivi? Mshukuru fundi." Na alimaanisha! Sikuwa na la kumjibu.

Hili la "haijaisha" nimelikuta hata kwa Monet. Walipoonyesha mchoro ule Paris mwaka 1874, mwandishi mmoja wa gazeti, Louis Leroy, aliudhihaki kwamba karatasi ya ukutani iliyo bado kwenye hatua za mwanzo imekamilika kuliko picha ile. Sawa, aliandika. Lakini Leroy alikejeli kwa kalamu akaishia hapo, hakuchukua brashi akamchorea Monet jua jingine. Mwaka 1985 majambazi wenye bastola waliuiba mchoro huo kwenye jumba la makumbusho, ukapatikana Corsica mwaka 1990. Miaka mitano mikononi mwa majambazi, na hata wao hawakuupiga ovaloki.

Najua mtasema kosa ni langu, ningekaa naye pale pale hadi amalize. Kweli, nusu ya kosa naibeba. Ila jamani mafundi, mteja akikuambia usiguse, USIGUSE. Mbona ukipelekewa sare ya harusi hupunguzi marinda kwa sababu wewe huyapendi?

Hali ya sasa: satini imetoka, chini yake kitenge changu kipo ila kimetobolewa kama chujio la chai. Zigizaga nimefumua mtumbwi mmoja, matundu ya sindano yamebaki, labda nikiyasugua kwa ukucha na maji kidogo yatajifunga. Neti nabandua yote. Anayejua duka la Mwanza lenye neti ya kijivu, sio nyeupe, anielekeze hapa hapa kwenye uzi.

Kile kipande chenye neno la bibi nimekiulizia. Kijana wa fundi kasema vipande vyote huingia kwenye kiroba, na kiroba kilichukuliwa Jumapili na watu wa Igoma wanaojaza mito. Kwa hiyo subira yangu iko ndani ya mto wa mtu. Ukinunua mto mpya wiki hii ukaona una mabonge, chungulia kwanza kabla hujaurudisha dukani: ni khanga nyekundu, maandishi meusi.

Fundi nimemmalizia elfu tano yake iliyobaki. Hiyo elfu kumi ya nyongeza aje anidai humu.