Mafundi wa majokofu mnaua kompresa halafu mnasingizia umeme, mpaka lini?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Chumba cha baridi kimesimama tena na jibu la fundi ni lile lile: "Kompresa imekufa bosi, umeme wenu huu." Umeme wenyewe hajaupima. Kaweka kiganja juu ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi kwenye mfumo, kasikiliza mlio, katoa hukumu. Hivi daktari akikushika paji la uso tu akakuandikia upasuaji, utapanda kitandani?

Ilianza hivi. Ubaridi ukawa unapungua taratibu. Fundi akaja, akafunga geji, akaona presha ya upande wa kuvuta (gesi inaporudi kwenye kompresa) iko chini, akasema gesi imepungua. Akaongeza, akaondoka. Evapareta, ile sehemu ya ndani inayopoza hewa, hakuigusa kabisa! Nilipokuja kufungua kifuniko chake baadaye, mapezi hayaonekani kwa barafu, feni zinapuliza ukuta mweupe. Hita ya kuyeyusha barafu ilikuwa imekatika. Hewa haipiti, gesi haipati joto la kuichemsha, sasa presha itaachaje kushuka? Gesi ilikuwa ya kutosha tangu mwanzo. Na hata ingepungua, gesi ya jokofu haiishi kwa kutumika. Mfumo umefungwa, ikipungua basi kuna mahali inavuja, na anayeongeza bila kutafuta panapovuja anajitengenezea kazi ya kurudi.

Baada ya kuongeza, bomba la kurudi likaganda, barafu ikatambaa mpaka kwenye mwili wa kompresa. Fundi anatabasamu: "Unaona inavyopiga baridi?" Jamani! Hiyo ndiyo dalili ya hatari yenyewe. Kompresa kazi yake ni kusukuma mvuke. Gesi ikirudi ikiwa bado majimaji, inaosha oili kwenye beringi, na ikiingia kwenye silinda inavunja vali, kwa sababu majimaji hayabanwi. Hii yetu ni ya kufungua kwa bolti, kwa hiyo tulinyanyua kichwa tukaona kwa macho: vipande vya vali vimelala juu ya pistoni, vingine vimeshakwaruza silinda. Oili safi, haina harufu yoyote. Mota iliyoungua huwa haijifichi, oili inakuwa nyeusi na ile harufu ya asidi inakukaba pua kabla hujainama. Umeme unaingiaje hapo?

Kipimo cha kugundua hilo mapema ni chepesi mno. Unafunga kipimajoto kwenye bomba la kurudi karibu na kompresa, unakifunika vizuri, unasoma presha, unaigeuza kuwa nyuzi kwa jedwali la gesi husika, unazitoa kwenye nyuzi za bomba. Kwa mitambo mingi ya aina hii unategemea tofauti ya kama nyuzi 11 hivi hapo kwenye kompresa. Ikikaribia sifuri, majimaji yanarudi, zima mtambo utafute sababu. Fundi wetu kipimajoto hana. Geji anazo, na mtungi wa gesi hausahau hata siku moja.

Umeme unaua kompresa, sikatai. Lakini una vipimo vyake. Kwenye fezi tatu, pima kila jozi mtambo ukiwa unafanya kazi. Ukipata volti 400, 410 na 390, wastani ni 400 na tofauti kubwa ni 10, yaani asilimia 2.5, na hapo tayari umevuka ile asilimia 2 inayoshauriwa. Ikifika 3.5, joto la nyaya za mota linaweza kupanda kwa karibu robo. Kagua na kontakta, ile swichi kubwa ya kuwashia mota, ncha zake zikiungua fezi moja hupotea na mota inanguruma mpaka inaungua. Nani kati yenu anafanya hivi kabla ya kusema "umeme"?

Halafu kuna kompresa nzima zinazotupwa jalalani. Hizi ndogo za fezi moja zina kinga ya joto ndani. Ikizidi joto, kinga inakata, na ukipima kati ya ncha zake za C (ya pamoja) na R (ya kuendeshea), au C na S (ya kuwashia), mita inaonyesha hakuna njia. Fundi: "imekufa hii." Ngoja ipoe kwanza! Inaweza kuchukua saa kadhaa. R kwa S ikisoma wakati C haisomi, mshuku ile kinga. Ikishapoa, usomaji wa R kwa S unatakiwa kuwa jumla ya ile miwili mingine. Mara nyingi mbaya alikuwa kapasita au relei, vile vifaa vya kuwashia mota, au kondensa, ile sehemu ya kutolea joto nje, iliyozibwa na vumbi.

Kilichonimaliza kabisa ni jinsi alivyofunga kompresa mpya. Filta ya zamani ikabaki. Pampu ya vakyumu hakuja nayo, eti hewa anaitoa kwa kupuliza gesi kidogo. Gesi yetu ni R-404A na oili yake ni ya POE, oili ya kutengenezwa kiwandani, ambayo inafyonza unyevu wa hewani kwa pupa, na unyevu ule ndani ya mfumo unazaa asidi. Ilitakiwa nitrojeni kavu ya kupima mivujo, filta mpya, kisha vakyumu, yaani kunyonya hewa yote, mpaka maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani) na ibaki hapo pampu ikishazimwa. Na R-404A ni mchanganyiko wa gesi tatu, inatolewa kwenye mtungi ikiwa majimaji ili mchanganyiko usiharibike. Yeye kajaza mvuke mtungi ukiwa wima. Hita ya barafu? Bado imekatika vile vile.

Sasa mpya nayo imeanza kugonga, anapiga simu anasema ataleta nyingine. Nimemwambia asilete chochote, aje kwanza na kipimajoto, aitengeneze hita, na dhamana ya ile aliyoifunga ataibeba yeye.