Naomba ushauri: nataka picha za nje ziwe na lile joto la jua kama picha za zamani za mkanda

KijanaWaChumbageni

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie maana hizi picha nimekaa nazo wiki ya 2 sasa na kila nikizigusa ndo zinazidi kuharibika.

Idi ya mwezi wa 3 ukoo mzima tulikutana Raskazone hapa Tanga, tukapiga picha chini ya miembe na nyingine pale ukingoni mwa bahari, kisiwa cha Toten kinaonekana nyuma. Kamera ni Canon ya kuazima, nikapiga RAW (lile faili ghafi) na JPEG (picha ambayo kamera ishaikamilisha) kwa pamoja, muda ulikuwa kuanzia saa 5 mpaka saa 7 mchana kwasababu waliotoka Dar walikuwa wanawahi basi.

Sasa sebuleni kwetu kuna picha ya babu na bibi ya mwaka 1984, wamesimama nje ya nyumba, babu na kanzu bibi kajifunga kanga, yani ile picha ukiitazama unahisi jua la saa 11 liko mgongoni kwako. Kivuli chake sio cheusi, kina ukahawia, na kanzu ya babu sio nyeupe pee, iko kama maziwa yaliyochemka. Babu hatunae tena. Mama anataka picha ya bibi ya Idi hii itundikwe pembeni ya ile, na bibi siku hiyo alijifunga kanga nyekundu makusudi kwasababu ndo rangi aliyovaa kwenye ile ya zamani. Kwahiyo nataka zikikaa ukutani zielewane.

Nilinunua preseti (mipangilio ya rangi iliyo tayari) mtandaoni zinazoitwa za filamu, nikabandika kwenye Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, bibi akawa rangi ya karoti, miembe ikawa kama majani yaliyoungua, bahari ikawa kijani cha dimbwi, na maandishi ya kanga yakapotea kabisa. Nikirudisha joto chini picha inapoa inakuwa kama ya kitambulisho. Nakosea wapi?

lenzi50

Mkuu pole, ila swali kwanza, ile preseti uliibandika kwenye RAW au kwenye JPEG? Na picha ya bibi ni ya kwenye kivuli au juani?

KijanaWaChumbageni

JPEG mkuu, nilitumiwa kwa simu. Bibi alikuwa kwenye kivuli cha mwembe, jua linapenya penye majani.

lenzi50

Basi hapo ndo penyewe. Kwenye RAW joto la rangi linahesabiwa kwa Kelvin, mwanga wa mchana kama 5500 hivi, ila kwenye JPEG kamera ishaamua kila kitu ikafunga, Lightroom inakupa tu kutoka toa 100 mpaka jumlisha 100. Preseti iliyotengenezwa kwa RAW ukiibandika kwenye JPEG lazima ivuruge. Kachukue faili la RAW uanze upya, futa preseti yote.

Na jambo la pili, chini ya mwembe mwanga umepita kwenye majani, kwahiyo ngozi ya bibi ina ukijani ambao jicho lako hulioni ila kamera imeliona. Ukimwaga njano juu ya kijani hupati jua, unapata ugonjwa wa manjano. Toa kijani kwanza, ile slaida ya pili chini ya joto isogeze upande wa zambarau kidogo, 6, 8, 10, uone uso unavyorudi kuwa wa mtu, HALAFU ndo upandishe joto. Watu wengi wanaruka hii hatua.

Mzee wa Negativu

Wanangu nimesafisha picha za mkanda miaka mingi kabla ya hizi simu, niruhusuni niseme kidogo.

Joto la ile picha ya babu yako halikutokana na kitu kimoja. Kwanza mkanda wenyewe, mikanda ya Kodak ya watu wa kawaida ilikuwa inapenda njano na wekundu. Pili karatasi. Picha ya rangi ya miaka ile ina rangi tatu zimelaliana, na hazichakai kwa pamoja, ile ya samawati ikitangulia kufifia kinachobaki ni wekundu na unjano. Sehemu ya hilo joto unalolipenda ni miaka 40 imepita juu ya karatasi. Tatu, na hili ndo kubwa, mkanda wa negativu unavumilia mwanga mwingi. Sisi tulikuwa tunaufungulia kamera zaidi kidogo ya kipimo kinavyosema, na kanzu nyeupe haikuungua, ilipanda polepole ikawa ile rangi ya maziwa unayoisema. Kamera za dijitali kinyume, mwanga ukizidi pale pameisha, ni tundu jeupe, hakuna wa kulirudisha.

Kwahiyo mjukuu wangu usitafute joto tu. Tafuta weupe usiopiga kelele na weusi usio mzito. Hiyo ni nusu ya kazi.

Na ngozi ya bibi ilinde. Enzi hizo Kodak walikuwa wanapeleka kwenye maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, wakiziita kadi za Shirley, mashine inasetiwa mpaka yeye atoke vizuri. Sisi wengine tukatoka weusi wasio na sura au wekundu. Nimerudia kusafisha picha za maharusi sijui mara ngapi kwa sababu hiyo. Preseti nyingi za leo zina ugonjwa uleule, zimejaribiwa kwenye ngozi nyeupe. Usikubali.

dada_wa_golden

Shikamoo mzee, hapo kwenye ngozi umenigusa kabisa, maana mi napiga maharusi na hiyo ndo vita yangu ya kila wiki.

@KijanaWaChumbageni ukishafanya alivosema lenzi50 nenda hivi, ndo mimi ninavofanya. Eksposha (mwanga wa picha nzima) pandisha kidogo kama 0.5, haiilaiti (sehemu zenye mwanga mkali) shusha mpaka maandishi ya kanga yarudi, usiogope hata ikifika toa 60, shado (sehemu za giza) pandisha 20 hivi. Afu nenda kwenye kevu, ule mstari wa mshazari. Ncha ya chini kushoto inyanyue kidooogo, weusi unalainika. Ncha ya juu kulia ishushe kidogo, weupe unatulia. Sasa ingia kwenye kevu ya bluu peke yake, ncha ya juu kulia ishushe tena kidogo sana, utaona sehemu zote za mwanga zinakuwa kama zimepakwa siagi. Hilo ndo joto la jua, liko kwenye mwanga tu, halijaingia kwenye uso wote wa picha. Slaida ya joto inapaka kila kitu ndomana bibi akawa karoti.

Afu rangi moja moja. Kijani isogeze kuelekea njano na uipunguze nguvu, miembe yetu kijani chake kwenye dijitali kinapiga kelele mno. Bluu isogeze kidogo tu kuelekea samawati, ukizidisha ndo bahari inakuwa dimbwi. Chungwa, hapo ndo ngozi ilipo, MUELEKEO WAKE USIUGUSE. Ongeza mwangaza wake kidogo, na kama bado ina ukaroti punguza nguvu. Nyekundu angalia kanga isiwe kama rangi ya kucha.

Mwisho chenga, zile punje punje kama za mkanda, 15 mpaka 20 inatosha.

PwaniKwetu

Mi niko Mombasa na naona mnamuonea huyu ndugu, hakuna uhariri utakaoleta jua la jioni kwa picha ya saa sita. Mwezi wa 3 huku pwani saa sita na nusu jua liko karibu utosini kabisa, vivuli viko chini ya macho na chini ya pua. Tena sisi tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima, lile la dhahabu la mwisho mwisho ukilipata ni kama dakika 25 limekwisha. Wazungu wa Ulaya kaskazini wakati wa kiangazi jua lao linateremka kwa mshazari, wanalo muda mrefu. Mwambie bibi mrudi pale siku nyingine saa 11 na nusu mpige tena.

dada_wa_golden

@PwaniKwetu kwa picha za juani nakubali kabisa. Ila ya bibi iko kivulini, mwanga laini, hiyo inaokoka. Vile vidoa vya jua vilivyopenya kwenye majani ndo vitauza picha, kwasababu ile njano ya kevu itadaka pale.

KijanaWaChumbageni

Asanteni sana wakuu. Bibi hawezi kurudi Raskazone kwa sasa, miguu inamsumbua, kwahiyo ni hii hii. Nimekaa na RAW jana usiku mpaka saa 8.

Kijani kilikuwepo kweli! Nilivosogeza 9 upande wa zambarau nikaona mashavu ya bibi yanarudi, nilikuwa nadhani ndo alivyo siku hiyo, amechoka. Haiilaiti nimeshusha mpaka toa 55, maandishi ya kanga yamerudi yote, hata ile nukta ya mwisho inasomeka. Joto nimepandisha kidogo mno kuliko nilivyofikiria, kutoka 5200 mpaka 5700 basi, mengine yote ni ile kevu ya bluu. Kuna kidoa cha jua kimemwangukia begani, kimekuwa cha siagi kweli.

Nikaprinti kipande cha 4R (inchi 4 kwa 6) nikakiweka karibu na ya 1984. Inaelewana ila yangu imetoka na giza kuliko nilivyoiona kwenye simu, na kivuli cha chini ya mtandio kimemezwa. Tatizo ni karatasi?

Mzee wa Negativu

Simu inawaka mwanga wake yenyewe mjukuu, karatasi inasubiri mwanga wa sebuleni. Punguza mwanga wa simu hadi nusu wakati unahariri, pandisha eksposha kidogo, kama 0.3, na hapo chini ya mtandio tumia Snapseed, programu ya kuhariri kwenye simu, kuna kitu cha kuchagua sehemu moja, pale tu pandisha kidogo. Kisha printi tena 4R, usikimbilie kubwa. Na ukitundika, usiweke mkabala na dirisha linalopokea jua, hata hiyo ya babu iondoe hapo kama ndo ilipo. Iskani kwanza kabla haijafifia zaidi.

KijanaWaChumbageni

Iko mkabala na dirisha mzee, miaka yote. Naishusha leo leo.