Mbwa mdogo anayebweka mchana kutwa

Mkazi wa Ntinda:
Salaam ndugu zangu. Nina mbwa mdogo wa miaka 2 ambaye hubweka kila bodaboda inapopita nje ya lango letu, na kwa kuwa nyumba zetu zimeshikana, jirani mwenye mtoto mchanga amekwisha kunijia mara mbili, kwa upole. Nikimkemea mbwa, huzidisha. Nifanye nini?

Mfugaji wa Jinja:
Pole sana, ndugu. Usimkemee, kwani huenda akadhani nawe unabweka pamoja naye. Isitoshe, kila bodaboda hupita ikatoweka, naye huamini kwamba ameifukuza mwenyewe. Ndiyo maana tabia hiyo hukomaa. Wangu nilimzibia kwa bati upenyo wa chini ya lango aliokuwa akichungulia, kisha nikawa naweka mfukoni vipande vidogo vya nyama iliyochemshwa: masikio yakisimama tu, kabla hajafungua kinywa, namwita na kumpa kimoja. Baada ya majuma kadhaa, akisikia pikipiki alinitazama mimi kwanza.

Bibi wa Mbale:
Mwanangu, je, hutembezwa? Mbwa mdogo naye huchoka kwa kufungiwa uani. Nakusihi usimfunge mdomo kwa kamba, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Ikiwa kubweka kulianza ghafla, mwone daktari wa mifugo, maana huenda ana maumivu.

Mkazi wa Ntinda:
Asante, bibi; asante, ndugu. Upenyo huo upo kweli, na jioni hii nitauziba.